Uso wa Lyle Vandersteen

Mimi kazi yangu ni miguu. Miaka yote niliyowafundisha watu wa mstari wa mbele wa Wahunzi wa Toledo, timu yetu ya mpira wa Kimarekani, sijawahi kujali mtu ana sura gani. Natazama miguu, natazama nyonga, natazama mikono, natazama vidole vinavyogusa nyasi kabla mpira haujatoka. Uso umefichwa ndani ya helmeti, na wengi wao, Mungu anisamehe, ni heri ufichwe.

Basi mwezi wa nane, kambini, jua linatuchoma kama limetumwa, wakaniletea kijana wa Iowa, Lyle Vandersteen. Kwao wanafuga nguruwe. Mrefu, mpana, ukisimama nyuma yake unapata kivuli cha kutosha familia nzima. Jioni ya kwanza wakongwe wakampandisha kwenye kiti aimbe mbele ya watu wanaokula, ndiyo mila yetu kwa wageni. Kabla hajamaliza ubeti wa kwanza kiti kikasambaratika. Akaanguka, akaendelea kuimba akiwa sakafuni. Nikampenda palepale, na mimi si mtu wa kupenda watu ovyo.

Kazi ya vijana wangu ni rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Timu ikiamua kukimbia na mpira, wao wanasukuma watu wa upande wa pili na kufungua njia. Ikiamua kurusha pasi, wanarudi nyuma kidogo na kumkinga mrushaji asivunjwe mbavu. Ujanja wote uko hapo: adui asijue lipi linakuja.

Kwenye kusukuma, Lyle alikuwa balaa. Mazoezini alimsukuma beki mmoja hadi kwenye mapipa ya maji ya kunywa, akamwokota, akamkung'uta nyasi, akamuuliza kama mama yake hajambo. Kwenye kukinga pasi alikuwa mzuri pia: miguu safi, mgongo umenyooka. Nikajisemea, Stan Hruska, safari hii umepata mtu.

Ikaja mechi ya kwanza ya majaribio. Jamani! Kila tukirusha pasi, wale watu walikuwa wameshajua. Mrushaji wetu siku hiyo alikaa chini kuliko alivyosimama. Tukikimbia, wanajaa palepale tunapokimbilia, kama tumewaalika. Mechi ya pili vilevile, mbele ya watu wetu, na mama mmoja jukwaani akanitupia soseji yenye haradali. Ilinipata.

Kesho yake Pellegrino akaniita. Huyu ndiye kocha mkuu wetu, mtu mwembamba anayekunywa maji ya matango na kuongea polepole hasa anapotaka kukuua.

"Stan, kuna mtu kwenye mstari wako anawaambia."

"Hakuna."

"Yupo. Na pale katikati ya mstari nafasi imebaki moja. Mechi ya mwisho ya majaribio ikiisha nataka kutoka kwako jina la atakayebaki."

Nilijua, hakuwa na haja ya kunikumbusha. Nafasi moja, watu wawili: Lyle, na Desmond Fuqua. Fuqua wa Louisiana nilikuwa naye tangu ana nywele. Ndiye alikuwa anatoa mpira kule katikati, anaurudisha nyuma kwa mrushaji mchezo uanze, magoti yake yakilia unayasikia ukiwa kwenye maegesho, na mdomo wake haukupata likizo hata siku moja. Kambi nzima ilijua kwamba mmoja wa hao wawili anakwenda nyumbani. Asiyejua ni Lyle peke yake. Yeye aliamini watu kama Fuqua hawafukuzwi, walikuja pamoja na uwanja.

Nikajifungia chumba cha video. Fuqua akaingia bila kubisha, ana boksi la donati ambazo Lyle kama mgeni alipaswa kuwanunulia wakongwe kila asubuhi. Akaketi, akala, akanitazama ninavyopeleka mkanda mbele na nyuma.

"Unatafuta nini, Kocha?"

"Mguu unaosaliti. Au kidole."

"Miguu ya dogo haina neno. Hebu panda juu."

"Kiunoni?"

"Juu zaidi."

"Mabegani?"

"Kocha, mtu ana uso, ati! Mtazame uso!"

Nikaukuza uso. Lo! Tulikuwa tunajiandaa kukimbia, na Lyle Vandersteen, nyuma ya vyuma vya helmeti, alikuwa anatabasamu kama mtoto aliyeona keki. Meno yote nje. Nikaruka hadi tulipojiandaa kurusha pasi. Kijana kanuna kama amefiwa na nguruwe. Tunakimbia, anatabasamu. Tunarusha, kanuna. Mara zote, bila kukosea hata moja. Angeshika bango ingekuwa afadhali, bango watu wengine hawasomi.

Damu ilinichemka. Nikamwita.

"Lyle! Kwa nini unatabasamu?"

"Samahani, Kocha. Napenda sana tukikimbia. Nikijua namsukuma mtu, moyo wangu unafurahi wenyewe."

"Na pasi?"

"Pasi ni sawa tu, Kocha," akasema, na uso ukaporomoka palepale kwa kulitaja tu hilo neno.

Tukamfanyia kila dawa. Nikamwambia asitabasamu kabisa. Akawa kama mtu anayezuia chafya, na kila akizuia tukajua tunakimbia. Nikamwambia atabasamu kwenye pasi. Mwenzake akamwuliza jino gani linamuuma. Nikamwambia afikirie mambo ya huzuni tunapokimbia. Akafikiria, akalia machozi ya kweli, akamsukuma beki huku analia, beki naye akahuzunika. Nilirudi chumbani nikapiga teke kikapu cha taka, kumbe kikapu ni cha chuma. Nikachechemea.

Fuqua akanikuta nimeweka barafu kwenye kidole.

"Niachie mimi dogo," akasema. "Anacheka na lolote. Nitakuwa namtupia kitu kidogo kabla ya kila pasi. Si nipo naye pembeni?"

Nikamtazama vizuri. "Desmond, unajua unachofanya?"

"Najua nacheza katikati. Pembeni yangu sitaki mtu anayetangaza kama redio."

"Sizungumzii hilo."

"Mimi nalizungumzia hilohilo," akasema, akachukua donati yangu akaenda nayo. Iliniuma, na si donati.

Jumamosi mchana, mechi ya mwisho ya majaribio, wakaja Wachimbaji wa Duluth. Kumbe nao wana video kwao. Mpira wa kwanza tu, nikaona mabeki wao wote wamemkodolea macho Lyle, hakuna hata mmoja anayeutazama mpira. Tulitaka pasi. Fuqua kainama, kashika mpira, nikamwona anageuza kichwa kidogo na kusema kitu. Lyle akatabasamu. Nikakunja ngumi kwa furaha. Halafu mabega yakaanza kutikisika. Halafu tumbo. Na kwetu mtu wa mstari akishainama hatakiwi kutikisika kabla mpira haujatoka. Kipenga! Kitambaa cha njano cha refa hewani, kosa letu, tukarudishwa nyuma.

"Umesema nini wewe?" nikampigia Fuqua kelele alipokaribia.

"Nimemwambia mke wangu wa pili alipohama alibeba vyombo vyote akaniachia mbwa, na mbwa naye akamfuata."

"Kubwa mno hiyo! Punguza!"

Akapunguza, akapitiliza. Alichosema safari hiyo sijui, ila Lyle hakukielewa. Alibaki anakitafakari, beki akampita, na mrushaji wetu akainuliwa na kulazwa kama zulia. Pellegrino akanywa maji yake ya matango huku akinitazama juu ya chupa.

Kuanzia hapo lakini, Fuqua akapata kipimo. Utani wa kutosha tabasamu, usiofika mabegani. Akasema refa anafanana na shangazi yake, ila shangazi ana masharubu zaidi. Tabasamu. Wachimbaji wakajaa mbele kuzuia mbio, pasi ikapita juu yao. Akasema Kocha Hruska leo kavaa kaptura ya mkewe. Tabasamu, pasi ikapita. Ile kaptura ilikuwa yangu mwenyewe, nataka hilo lijulikane.

Wachimbaji wakachanganyikiwa. Mtu wanayemsoma anatabasamu saa zote. Beki mmoja mkubwa akamfuata refa. "Refa, huyu ananicheka!"

"Sikucheki wewe, kaka," Lyle akamjibu kwa adabu. "Ni mbwa wa Mzee Fuqua, yule aliyemhama."

"Mbwa gani?"

"Twende, twende!" refa akawatawanya. Baadaye mpira ukiwa tayari kutoka, walivyonisimulia, yuleyule beki akamnong'oneza Fuqua: "Sasa huyo mbwa alirudi?"

"Alirudi kuchukua bakuli lake," Fuqua akasema, na beki ndiye aliyetikisika. Kitambaa cha njano, safari hii kwao. Nilicheka mpaka nikasahau kidole changu.

Lakini mwili ni mwili. Robo ya mwisho Fuqua alikuwa anahema kama mashine mbovu, na utani ukawa unakwisha. Tukafika karibu kabisa na mstari wa Duluth, tuko nyuma kwa pointi, tumebakiwa na jaribio moja tu. Pellegrino akaagiza tujifanye tunakimbia kisha tutupe pasi. Akanisogelea. "Hapa ndipo nitakapomjua kijana wako," akasema.

Wakajipanga. Niliona Lyle ameshaanza kununa. Niliona mabeki wa Duluth wanaziona zile nyusi zinavyoshuka. Nikamtazama Fuqua, amefumba macho, jasho linamchuruzika, hana kitu. Sema chochote, mzee, nikaomba. Taja kaptura.

Akageuza kichwa. Akasema maneno machache.

Tabasamu alilolitoa Lyle pale, sijaliona kwa binadamu tena. Lilianzia kidevuni likaenda hadi masikioni, nadhani hata jukwaani waliliona. Na hakutikisika hata unyoya. Mpira ukatoka. Duluth nzima ikamvamia kuzuia mbio, wote, hata wale ambao kazi yao ilikuwa kubaki nyuma. Lyle akawapokea wawili, akarudi nao polepole kwa miguu safi kama kitabu, na mrushaji akautupa mpira juu ya vichwa vyao kwa mtu aliyesimama peke yake kule mwisho, ambaye angeweza kuudaka ameketi. Tukashinda. Pellegrino alimwaga matango.

Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa kelele tupu. Lyle akapanda benchi, nikamshusha haraka kabla halijafa.

"Mzee Fuqua ni noma!" akawa anasema, bado meno yote nje. "Ile ya mwisho ndiyo kiboko, ilizidi hata ya mbwa!"

"Alisema nini?" mmoja akauliza.

"Ati, 'Dogo, ukicheza hii vizuri, wewe unabaki na mimi ndiye nafukuzwa.' Fuqua! Afukuzwe!" Akajipiga paja.

Hakuna aliyecheka. Aliyekuwa akivua viatu akaendelea kuvua, kakazana na kamba. Aliyekuwa akiimba bafuni akanyamaza, sijui alisikiaje. Lyle akatutazama mmoja mmoja akitafuta wa kucheka naye, akafika kwangu. Mimi nikaitazama miguu yake, ndiyo kazi yangu. Halafu akageuka kwa Fuqua, na uso wake ukaanza kushuka, taratibu, mpaka chini kabisa.

"Haya, mwoneni huyo," Fuqua akasema. "Pasi hiyo, kila mtu arudi nyuma!"

Chumba kikalipuka. Walicheka mpaka wakashikana. Lyle alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na Fuqua amemshika shingo, anamtingisha kama mtu anayetingisha mti.

Mimi nikapenya nikatoka nje. Pellegrino alikuwa ananisubiri ukumbini, ameegemea ukuta, na chupa yake tupu.

"Jina, Stan."

Nilitaka kumtukana. Nilitaka kumwambia aende akatafute jina kwenye matango. Nilifikiria yale magoti, na miaka yote ambayo yamelia kwa ajili yangu, na nikaona kama nikilitamka neno hili sitaweza kula tena. Halafu nikamfikiria kijana alivyorudi nyuma na wale wawili, hatua kwa hatua, bila kupishanisha miguu. Nimefanya kazi hii maisha yangu yote kutafuta miguu kama ile.

"Vandersteen," nikasema.

Pellegrino akatikisa kichwa kukubali, akaenda zake. Nilipogeuka, Fuqua alikuwa amesimama mlangoni nyuma yangu na taulo begani, na kwa jinsi alivyosimama alikuwepo muda wote.

"Desmond..."

"Ungetaja langu, Kocha," akasema, "ningejua umezeeka kuliko mimi."

Akanipiga begani kwa ile taulo mbichi, akarudi ndani kumwonyesha Lyle jinsi ya kufunga magoti bandeji.