Mwangwi Katika Chumba cha Mkunga

Fundi Spika alikuwa na adui mmoja tu duniani: mwangwi. Kila ukumbi alioitwa kufunga vyombo vya muziki, kwanza alipiga kofi moja akatega sikio. Sauti ikigonga ukuta na kurudi, alikunja uso kama aliyelambishwa shubiri. "Mawimbi ya sauti ni mgeni asiyejua kuaga," aliwaambia wateja. "Yakikuta ukuta mtupu, yanarudi." Hata mkewe akirudia neno nyumbani, alimtania, "Mama, huo sasa ni mwangwi."

Leo utani ulimkauka. Mkewe alikuwa amelala kwenye kitanda cha mkunga, ameyafumba macho, ameung'ang'ania mkono wa mumewe. Mimba ya kwanza ilipimwa chumba hikihiki, na kispika kidogo cha kipimo cha moyo wa mtoto hakikutoa kitu ila mvumo. Tangu hapo Fundi aliogopa ukimya kuliko kelele zote za dunia.

Mkunga akaweka kipimo tumboni. Mvumo. Akakisogeza. Mvumo tena. Halafu, ghafla: tu-tu-tu-tu-tu!

"Huyo!" mkewe akalia, akacheka, vyote kwa mpigo.

Fundi alitaka kuruka juu, ila mazoea yana taabu. Nyuma ya mapigo yale alisikia mengine, hafifu.

"Samahani, dada," akasema. "Chumba chako kina mwangwi. Tundika pazia zito ukuta ule."

"Jamani, mume wangu! Hata hapa?"

Mkunga akamshika mama kifundo cha mkono kuhakikisha si mapigo yake, akasikiliza, akakiinamisha kipimo kidogo. Mapigo hafifu yakapata nguvu. "Hebu sikiliza vizuri, baba," akasema, tabasamu likimtoroka.

Fundi akatega sikio. Mwangwi ni mfuasi: hukaa nyuma ya mwenyewe kwa umbali uleule, wala haumpiti kamwe. Lakini huu ulikuwa nyuma, ukakaribia, ukalingana, kisha, lo, ukatangulia!

"Huyu hamfuati mtu," akanong'ona. "Ana mwendo wake."

"Wako wawili," mkunga akasema. "Hongereni."

Fundi akaufungua mlango kwa kishindo, akatoka kwenye korido ndefu isiyo na hata pazia moja.

"Wawili!" akapiga ukelele.

"Wawili!" korido ikamrudishia.

Wajawazito kwenye benchi wakageuka kumtazama. Yeye akavuta pumzi akaita tena, makusudi, apate kuusikia mwangwi ukirudi.