Mkono wa Kwanza

Poni wetu jike anaitwa Shangazi, kwa sababu humtazama kila mtu kama vile amekuja kuomba chumvi kwa mara ya tatu. Ni farasi wa aina fupi, mnene, rangi ya kahawia iliyopauka, na akitaka kuuma hulaza kwanza masikio. Mimi ndiye ninayemlisha. Ndiye ninayelisha pia mbuzi, kuku na mabata bukini wanaojiona walinzi, na kila asubuhi nazoa samadi kabla sijanawa uso. Kaka yangu, ambaye hapa nyumbani tunamwita Bosi, kazi yake ni kula mayai.

Nasema hivi mapema ili usije ukamhurumia huko mbele.

Baba yetu alipokuwa hai aliweka sheria moja bandani: mtoto wa farasi ni wa yule ambaye mkono wake umemgusa kwanza. Alitaka sisi watoto tushindane kuamka na kukaa na farasi anayezaa badala ya kukoroma. Baba alikufa, sheria ikabaki, na mama anaishika kuliko anavyoshika masharti ya dawa zake za presha.

Shangazi alipokuwa na mimba ya mtoto wake Tone, ni mimi niliyemchanganyia pumba, ni mimi niliyemkanda kiuno, na uchungu ulipoanza ni mimi niliyepiga magoti kwenye majani makavu mpaka miguu ikafa ganzi. Kulipopambazuka nikakimbilia jikoni kuchukua maji ya moto na taulo. Kurudi, nikamkuta Bosi ameinama pale bandani, alama ya mto bado iko shavuni, kiganja chake kimetua kwenye paji la uso la mtoto, penye doa jeupe kama tone la maziwa.

"Mkono wa kwanza," akasema, akapiga mwayo.

Nilimtazama mama. Mama alikuwa mlangoni, akaitazama ndoo yangu ya maji.

"Sheria ni sheria, mwanangu," akasema. "Baba yenu hakusema nani kachoka zaidi."

Ningemsamehe kama angemwacha Tone akue. Lakini Bosi alikuwa anamtaka binti wa Afande, askari mstaafu wa ng'ambo ya bonde anayefuga poni na kuwapiga brashi kila siku kana kwamba kesho kuna gwaride. Afande hakuwa amesema ndiyo wala hapana. Kwa hiyo Tone alipofikisha miezi miwili, bado ananyonya, Bosi akamfunga kamba shingoni na kumpeleka kwa Afande kama zawadi. Nilimfuata hadi getini nikimsihi.

"Mwache aachishwe ziwa kwanza, kaka. Tafadhali."

"Wewe kila kitu kwako ni msiba," akanijibu. "Ni mnyama tu. Atasahau."

Shangazi hakusahau. Aliita tangu jioni ile mpaka sauti ikamkauka, kisha akaendelea kuita bila sauti, mdomo wazi, akikodolea macho njia. Maziwa yalimdondoka yenyewe miguuni. Nilimkanda chuchu kwa maji baridi huku na mimi nalia, na kutoka dirishani kwa Bosi nikasikia redio ikipandishwa. Akapandisha tena. Ule muziki wa harusi harusi, wa kuchezea mabega. Nikiwa nimechuchumaa pale chini ya tumbo la Shangazi niliapa kwamba Tone atarudi kwenye banda hili, na kwamba kaka yangu atamrudisha kwa aibu yake mwenyewe.

Afande nilimfahamu. Ana tabia moja inayojulikana na kila mtu: akikasirika, harudishi maneno, anarudisha zawadi. Aliwahi kumrudishia daktari wa mifugo jogoo aliyekwisha kunyonyolewa, kwenye sahani, kwa sababu tu daktari alimcheka farasi wake kilema. Kwa hiyo nilichohitaji ni kumkasirisha Afande kwa mkono wa Bosi.

Bosi mwenyewe akanipa njia. Posa ilikuwa inakwenda polepole, akaona aiongezee mafuta. Alimwahidi Afande mtoto mwingine wa Shangazi, safari hii wa dume mweusi wa shamba kubwa la juu, yule ambaye Afande alikuwa anammezea mate siku nyingi.

"Shangazi akitaka dume, mpeleke kule juu," akaniagiza huku anachagua viatu. "Nimeshaongea nao. Mimi siwezi kupanda mlima ule, nitachafuka."

"Sawa, kaka," nikasema. Nilikuwa mpole siku hiyo, hata mama alinigusa paji kuona kama nina homa.

Siku ilipofika nilimfunga Shangazi kamba, nikatoka naye getini, na tulipofika njia panda hatukupanda mlima. Tulishuka kwa fundi matofali. Fundi matofali ana punda dume, mkubwa, mwenye sauti ya mlango uliokosa grisi, ambaye siku nzima hubeba udongo na hana starehe nyingine maishani.

"Dada, una uhakika?" fundi akaniuliza, akijikuna kichwa.

"Sijawahi kuwa na uhakika hivi," nikamwambia.

Poni wetu ni mfupi na punda yule ni mrefu, kwa hiyo hapakuhitajika ngazi. Shangazi alinitazama kwa jicho lake lile la chumvi, kisha akaona liwalo na liwe. Nilimnunulia karoti njiani.

Mimba ya punda huchelewa kuliko ya farasi. Bosi alianza kuhaha. Alizunguka banda na shati lake jeupe, akinusa na kuguna.

"Mbona hazai huyu?"

"Watoto wa damu nzuri hawana haraka," nikamjibu.

"Kweli," akasema, na kichwa kikamvimba.

Uchungu ulimshika Shangazi mchana kweupe, jua la kuchoma. Bosi alimpigia simu Afande kabla hajaniita mimi. Afande akaja amenyoosha suruali mpaka unaweza kukata mkate kwa mkunjo wake. Nilimwamkia shikamoo, nikamwekea kiti mlangoni. Mama alisimama na taulo. Mimi nilisimama nyuma kabisa, karibu na mbuzi, mikono nimeiweka mgongoni ili kila mtu aione haigusi kitu.

"Leo hukimbilii maji ya moto?" Bosi akanitania.

"Leo yako tayari," nikasema.

Zikatokea kwato mbili, laini, zimelowa. Bosi alijitupa kwenye majani kama golikipa, akazikamata kwa mikono yote miwili.

"Mkono wa kwanza! Mama, umeona? Afande, umeona? Wangu!"

"Nimeona," mama akasema.

"Nimeona," Afande akasema, akasogeza kiti.

Baada ya kwato ikaja pua. Ukaja mdomo, yakaja macho. Kisha yakaja masikio. Yalikuja, yakaendelea kuja. Bosi alikuwa bado anacheka wakati kicheko chake kilipofika ukingoni. Mtoto aliteleza akatua chini, akatikisa kichwa, na yale masikio yakapigana kofi usoni mwake kwa sauti.

Hata bukini walirudi nyuma hatua mbili.

Afande alisimama. Alizunguka upande mmoja, akazunguka wa pili, kama anayekagua kikosi.

"Huyu ni nyumbu, chotara wa punda," akasema. "Nyumbu hazai. Umeniita nije nione zawadi ya posa ya binti yangu, ni mnyama asiyezaa?"

"Afande, sielewi, kuna makosa..."

"Usinipigie simu tena." Akavaa kofia yake akaondoka, na vumbi halikugusa viatu vyake.

Bosi alinigeukia, shati jeupe limekuwa ramani ya damu na majimaji.

"Ulimpeleka wapi?"

"Kwa dume," nikasema. "Niliporudi hukuuliza dume gani."

Sitakuficha, nilifurahi. Nilikaa juu ya debe la pumba nikamtazama kaka yangu akijifuta mikono kwenye suruali, na kila alipojifuta nilikumbuka ile redio. Mama aliniita mwanaharamu mara mbili, akaingia ndani kwenda kunywa dawa yake.

Kabla jua halijazama, bukini walipiga kelele getini. Ni Afande. Hakunisalimu wala kuniuliza kitu, alinikabidhi kamba tu, akageuka. Mwisho wa kamba alikuwa Tone.

Amekua. Amepigwa brashi mpaka anang'aa, kwato zimepakwa mafuta, doa lake jeupe liko palepale. Nilimkumbatia shingo. Alinukia sabuni ya kwa watu. Nikampeleka bandani mbio, nikasukuma mlango.

"Shangazi," nikasema. "Mtazame nani huyu."

Shangazi aliinua kichwa. Mtoto wake mpya alikuwa chini ya tumbo, ananyonya, masikio yanachezacheza kwa utamu. Shangazi alimtazama Tone, akamnusa kwa mbali. Kisha akalaza masikio. Nilidhani ni mzaha. Alimrukia Tone akamuuma begani, akageuka akampiga teke la mbavu, akarudi akasimama mbele ya nyumbu wake, anahema, meno nje. Tone alirudi nyuma mpaka akanikanyaga. Damu ikamchuruzika kwenye yale manyoya yaliyopigwa brashi.

Bosi alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, palepale nilipomwacha. Aliona yote. Aliutazama ulimi wa Shangazi ukiyalamba yale masikio marefu, moja baada ya jingine, kwa uangalifu ambao nilikuwa nimeusahau. Taratibu uso wa kaka yangu ukafunguka.

"Mama!" akaita kuelekea nyumbani. "Huyu nyumbu ni wangu, au si wangu?"

"Wako," mama akajibu kutoka jikoni. "Mkono wa kwanza."

Bosi akasimama, akajikung'uta majani.

"Miezi miwili," akaniambia kwa upole kabisa. "Nitakuja na kamba."

Ilibidi nimfunge Tone nje, karibu na mbuzi, maana Shangazi hakumtaka hata ukutani. Giza lilipoingia akaanza kuita. Hakuwa anamwita Shangazi. Alikuwa amegeuza kichwa kuelekea ng'ambo ya bonde, kwa Afande, kwa poni wenzake na brashi ya kila siku, na alikuwa na sauti ileile ya mama yake. Nilichota maji baridi nikamwosha lile jeraha, nikamsemesha, hakunisikia.

Dirishani kwa Bosi redio ilikuwa inacheza. Halafu akaizima, ili nisikie vizuri.