Goti Kwenye Sufuria

Jumatatu asubuhi Fundi alilikuta goti kwenye birika. Alikuwa amewasha jiko na kutia maji, na mkono wake ulipolizunguka birika ukaangukia pale pale: mbonyeo wa ukubwa wa goti la mtu mzima, laini pembeni, na mkunjo mdogo upande wa juu. Jana yake ulikuwa kwenye beseni la kufulia.

"Mama Puti, leo liko kwenye birika."

"Afadhali," mkewe akajibu kutoka uani. "Beseni nina kazi nalo."

Fundi alikuwa mnyoosha bodi za magari, na gerejini kwao hakuna aliyemfikia. Gari lilikuja limekunjamana, yeye akalipapasa kwanza kwa kiganja, macho kayafumba, ndipo akachukua nyundo. Mbonyeo huu aliujua kuliko yote. Mara ya kwanza aliunyoosha kwenye ubavu wa gari la mteja, akaziba mashimo kwa puti, akapiga msasa, akapuliza rangi, na mteja akaondoka akimshukuru. Kesho yake ukahamia kwenye sufuria kubwa ya nyumbani. Akaunyoosha, ukaenda kwenye ndoo. Majirani walikuja kutazama. Walisema kwao kuna panya, na heri goti, maana goti halitafuni nguo. Kisha wakarudi kwenye shughuli zao.

Lilikuwa goti la mlinzi wa ghala. Jioni moja Fundi alilitoa gari la mteja kwenda kulijaribu breki, kichwani ana chupa kadhaa za bia, mwanawe kando yake. Mlinzi alikuwa akienda zamu kwa baiskeli. Hakufa, Mungu mkubwa, ila tangu siku hiyo anatembea kwa mkongojo. Kabla watu hawajajaa, Fundi alimshika mwanawe bega.

"Hamia huku kwenye usukani. Wewe bado mtoto, watakuonea huruma. Mimi nikifungwa, nani atawalisha?"

Kijana huyo walimwita Puti kwa kuwa tangu mdogo kucha zake hazikutoka puti. Alikuwa na miaka kumi na sita na mdomo usio na breki, na shule ilikwisha kumfukuza kwa ugomvi. Ndiyo maana hakuna aliyetilia shaka. Alihamia kiti cha dereva bila kusema neno, na hilo ndilo lililomkaba Fundi baadaye. Mtoto aliyebishana hata na redio, siku hiyo hakubisha.

Wakampeleka shule ya kurekebisha tabia. Fundi hakwenda kumwona hata mara moja. Alisingizia kazi. Ukweli ni kwamba aliona aibu, aibu iliyomtafuna mpaka akaacha pombe, kisha ikamtafuna zaidi akairudia. Mkewe ndiye aliyekwenda, na kila akirudi alisema, "Anakusalimia." Fundi alitamani angesema anamtukana. Zaidi ya hapo mkewe hakuuliza kitu. Mke wa mnyoosha bodi anapajua mahali palipopakwa rangi upya.

Sasa Puti alikuwa anarudi. Alhamisi afisa wa ustawi angemleta nyumbani na kulifunga shauri lake. Karakana ya mabasi ilikuwa tayari kumpa kazi, ila haichukui mtu aliyewahi kumgonga mtu. Neno moja la Fundi lingemsafisha. Kwa hiyo Jumatatu, Jumanne na Jumatano Fundi alisimama mbele ya birika, akalifanyia goti mazoezi: "Aliyeendesha ni mimi." Goti lilimsikiliza bila kusogea.

Alhamisi lilikuwa limejikunja likaenea kwenye kikombe cha bati. Puti aliingia amekonda, sauti imekuwa nzito. Akamwamkia baba yake, akashika vikombe kumsaidia mama, na kidole chake kikapita pale.

"Ndilo lile?"

"Ndilo."

"Hukulipaka puti?"

"Haishiki," Fundi akasema.

Mama akamimina chai. Kati ya vikombe vyote, kile akampa mgeni, yule afisa aliyemleta Puti.

Afisa alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya upole. Alikunywa taratibu, akawauliza habari za nyumbani, kisha akamgeukia Fundi.

"Mzee, kabla sijalifunga shauri hili, una la kusema?"

Puti alimtazama baba yake. Hakumsihi, wala hakumtisha, alimtazama tu. Fundi akafungua kinywa. Maneno yalikuwepo, yamefika kwenye meno. Akaiona gereji imefungwa, akawaona majirani, akamwona mlinzi na mkongojo wake akimwuliza mbona umechelewa.

"Samaki mkunje angali mbichi," akasema. "Kosa langu ni kumlegezea kamba. Vijana wa siku hizi, mama, usipowakaza wanakuponyoka."

Alijisikia akiendelea, na hakuweza kujizuia. Mkewe akatazama sakafu.

"Laiti wazazi wote wangekuwa kama wewe," afisa akasema, akaguswa kwelikweli. Akamalizia chai yake. Kidole gumba kilikuwa kimetulia ndani ya goti, kimeenea sawasawa. Akakigeuza kikombe, akakitazama.

"Hiki kikombe kinashikika vizuri. Mmekipata wapi?"

"Kazi ya baba," Puti akamjibu. Akakipokea, akakusanya na vile vingine, akaenda kuviosha.