Mshindwa Mwenye Bahati

Mkwe wangu Rufus Tindall alikuwa mtu wa mia nne thelathini na nane kwa tenisi duniani. Nimesema duniani, sikusema Kettering, mji wetu. Fundi wangu wa mabomba hata mtaani kwetu hawezi kuingia kumi bora, na ana nyumba mbili Hispania, lakini sijasikia mtu akimwuliza kwa sauti ya huruma kama ana kazi nyingine. Rufus aliulizwa hivyo kila Krismasi, ndugu zangu wakiwa wanammiminia mchuzi kwenye viazi.

Swali la pili lilikuwa Wimbledon. "Ushawahi kucheza Wimbledon?" Akisema hapana, wanampigapiga bega. "Usijali bwana, bado mdogo." Alikuwa na miaka thelathini na mmoja na goti la mzee wa themanini.

Sisi Waingereza tenisi tunaikumbuka wiki nne kwa mwaka, Juni na Julai. Wiki nyingine zote Rufus alikuwa Tunisia au Uturuki, akicheza nyuma ya hoteli mbele ya watu sita na paka, na jioni akifua soksi kwenye sinki ya kunawia. Akirudi anakaa kwangu, chumba cha juu, yeye na binti yangu Bryony pamoja na mashine ya kufungia nyuzi za raketi. Mashine ile ilikuwa chuma kitupu, pana kuliko jiko langu, na ilisimama kando ya dirisha, mahali pekee ambapo kitanda cha mtoto kingeenea. Na Bryony alikuwa na mimba ya miezi mitano.

Ndiyo maana siku ya Pasaka walikaa kwenye meza yangu ya jikoni wakapatana. Kituo cha michezo cha halmashauri kilitaka mwalimu wa kufundisha watoto tenisi, na kilimtaka Rufus. Kwa miaka kumi na mmoja mkwe wangu alikuwa akiishia kwenye mchujo, zile mechi za kugombea nafasi ya kuingia mashindano makubwa. Mashindano yenyewe hajawahi kuyaonja hata siku moja. Basi wakakubaliana: akiingia safari hii, hata kwa mechi moja, anaendelea mwaka mmoja zaidi. Asipoingia, anatundika raketi na kwenda kufundisha watoto. Kituo kilikubali kusubiri jibu mpaka Jumatatu ya tatu ya Juni, saa sita mchana.

"Na wewe Mama ndo shahidi wetu," Bryony akaniambia.

Shahidi! Mimi ambaye nilishapima nafasi ile ya dirishani mara tatu kwa futi ya cherehani.

Sitaki kujifanya: nilitaka aache. Ubaya ni kwamba nilimpenda. Mkwe mlevi ni rahisi, unamtolea virago nje. Huyu aliosha vyombo bila kuambiwa, alimwagilia maua yangu, na akipishana na paka mlangoni anamwomba samahani. Huko kuomba samahani ndiko kulikommaliza. Kwenye tenisi mpira ukigusa wavu ukamwangukia mwenzako vibaya, unainua mkono kumtaka radhi. Wachezaji wote hufanya hivyo na hakuna anayemaanisha. Rufus alimaanisha. Nimewahi kumwona akimtaka radhi mtu aliyempiga yeye mpira wa sikio.

Juni ikafika, tukaenda kwenye mchujo wa Marlsea, mji wa pwani wenye mvua, keki, na viwanja vya nyasi. Daktari alimkataza Bryony safari, na gari la Rufus lilikuwa limezima moja kwa moja, kwa hiyo dereva nikawa mimi. Nilibeba mwavuli, sindano zangu za kufumia, na sufu ya manjano ya kofia ya mtoto.

Jumamosi akashinda mechi ya kwanza ya mchujo. Jumapili asubuhi gazeti likaandika kwa herufi kubwa: TINDALL, TUMAINI LA TAIFA. Taifa lenyewe wiki iliyopita halikujua kama yuko hai.

Jumapili mchana ilikuwa mechi ya kuingilia. Ilibaki pointi moja tu Rufus ashinde. Mpira wa mpinzani ukaanguka nje, nje kabisa, vumbi jeupe la chokaa ya mstari halikuruka hata punje. Mwamuzi akasema ndani. Uwanja mzima ukaguna. Rufus akamtazama mwamuzi, akamwambia, "Asante."

Asante! Nusura nimrushie sindano.

Alishindwa seti ya tatu kwa saba kwa tano. Watu wakasimama wakapiga makofi mpaka viganja vikawa vyekundu. Yule aliyeshinda alikusanya mataulo yake kimya kimya na kuondoka, hata jina lake silikumbuki. Pembeni yangu alikaa mzee mmoja mwenye kofia ya majani, Cedric, ambaye huja Marlsea kila mwaka na supu yake kwenye chupa ya chai.

"Kijana safi sana huyu," akasema, macho yamemlenga Rufus. "Kashindwa vizuri."

"Kushindwa vizuri ndo kukoje?"

"Si ndo hivi, mama. Yule mwingine kashinda tu."

Nilidhani yameisha. Nikaanza kufunga sufu yangu, moyoni nimeshaweka kitanda cha mtoto dirishani na mapazia mapya juu yake. Kumbe bado. Kuna kitu kwenye tenisi wanakiita mshindwa mwenye bahati. Mtu wa mashindano makubwa akiumia akajitoa, nafasi yake anapewa mmoja wa walioshindwa mwisho kwenye mchujo. Jumapili jioni waliweka majina kwenye kofia. La kwanza kutoka likawa la Rufus. La pili la Mbelgiji mmoja, Vermeiren.

"Sharti ni moja tu, Mama," Rufus akanieleza, macho yanang'aa kama mtoto aliyeahidiwa bahari. "Kesho nisaini mwenyewe kwa mkono wangu, kabla ya saa nne na nusu. Usiposaini, wanakuruka wanamchukua anayefuata."

"Na kuna mtu wa kujitoa?"

"Kuna Mchile mmoja wa mashindano makubwa. Leo asubuhi kashindwa kuinua kijiko cha uji. Kiuno."

Nikampigia Bryony. Akasema, "Basi tuone, Mama," na nikasikia kwa sauti yake kwamba alikuwa amekaa kitandani anaitazama ile mashine.

Jumatatu mvua ilinyesha tangu alfajiri. Paa la ofisi ya waamuzi lilivuja, wakaihamisha, wakabandika karatasi yenye mshale. Mshale ulielekea kwenye baraza ndefu chini ya jukwaa, na kwenye baraza hiyo kulikuwa na foleni ya watu kama arobaini, kimya, wanadondosha maji.

"Kaa hapa pakavu, Mama," Rufus akaniambia, akanifutia benchi kwa taulo lake. "Nikisaini nitakuletea chai."

Akaenda akasimama mwisho wa foleni. Hakumwuliza mtu yeyote inaelekea wapi. Kwetu haiulizwi. Ukikuta foleni unaungana nayo, na ukigundua baadaye kwamba ni ya mazishi unazika.

Pale nilipokaa niliona baraza yote. Huko mbele, foleni ilikata kona ikaishia kwenye meza ya Pauline, mama wa chai, na birika lake kubwa. Watu walikuwa wanarudi na vikombe. Na katikati ya baraza, upande wa kushoto, kulikuwa na mlango wazi. Ndani yake alikaa bwana mmoja nyuma ya meza, na mbele yake karatasi, kalamu, na hakuna mtu mwingine. Nikamwona Vermeiren akija mbio amejifunika gazeti kichwani. Akaipita foleni yote bila hata samahani, akaingia mlango ule, akatoka baada ya dakika moja akipiga mluzi.

Nikatazama saa. Saa nne na dakika kumi na mbili.

Kulikuwa na hatua ishirini kati yangu na Rufus. Ningeita jina lake tu. Nimewahi kumwita kwa sauti kubwa zaidi kwa sababu ya pipa la taka. Nikafungua mdomo, kisha nikamwona Bryony na tumbo lake akipita kiubavu kati ya kitanda na chuma kile kwenda msalani. Nikaona soksi kwenye sinki huko Tunisia na goti lake limefungwa barafu. Mwaka mmoja zaidi, halafu Pasaka nyingine, na mapatano mengine kwenye meza yangu.

Nikatoa sufu ya manjano nikaanza kufuma.

Rufus aligeuka akanitazama. Nikahesabu mishono. Foleni ikasogea. Akageuka tena, akatabasamu. Nikainamisha kichwa kana kwamba nimepoteza uzi. Tangu niolewe sijawahi kufuma vibaya kama nilivyofuma siku ile. Ile kofia hadi leo ina tundu juu ya sikio.

Saa nne na dakika ishirini na tisa akafika mbele. Nilimsikia Pauline kutoka nilipokaa.

"Ya maziwa, mpenzi?"

Mtu mwingine angeruka meza. Rufus alikuwa ameshafika mbele ya foleni, na nyuma yake watu wanasubiri. Angeondokaje bila kuagiza? "Mbili tafadhali," akasema. "Moja sukari mbili." Akachukua vikombe, akamshukuru, akawashukuru na waliomfuata, akatembea polepole asimwage. Alipopita ule mlango wa kushoto, yule bwana wa ndani alikuwa anafunika kalamu yake.

Akanipa kikombe changu.

"Nimechelewa, Mama," akasema. "Ilikuwa foleni ya chai."

"Jamani, mwanangu," nikasema.

Saa tano na robo Mchile akajitoa. Vermeiren akaingia, akashinda mechi ya kwanza, na ya pili, na picha yake ikatoka kila mahali akibusu raketi. Saa sita kasoro dakika tano Rufus alisimama chini ya mwavuli wangu akapiga simu kituo cha michezo, akakubali kazi. Kisha akawaomba radhi kwa kuwakatizia chakula cha mchana.

Mtu mmoja kwenye ile foleni alikuwa mwandishi wa habari. Kesho yake nchi nzima ikajua. Mtu kakosa nafasi ya maisha yake kwa sababu hakutaka kuvuruga foleni ya chai! Waingereza wakampenda kwa wazimu. MUUNGWANA WA MWISHO, wakaandika. Redio zikamwita asubuhi, Pauline akahojiwa mara mbili pamoja na birika lake, na mbunge wetu, ambaye hatumwoni mpaka uchaguzi, akaja Kettering kumpa mkono. Miaka kumi na mmoja alicheza hakuna aliyemjua. Siku aliyokosa kucheza akawa fahari ya taifa. Ilidumu siku tisa, mpaka mbwa mmoja wa Dorset alipojifunza kuendesha mashua.

Mashine tukaiuza. Kitanda kikakaa dirishani. Mtoto akaja, wa kike, na akavaa kofia yenye tundu. Rufus anafundisha watoto thelathini, na wote, hata wa miaka sita, wanaombana samahani mpaka mchezo hauendi.

Mwaka mzima nilikaa na jambo langu moyoni. Juni iliyofuata, Ijumaa baada ya chakula, Bryony amepanda juu kumlaza mtoto, Rufus anaosha vyombo na mimi nakausha, redio inasoma matokeo ya Marlsea. Nikashindwa kuvumilia.

"Rufus, siku ile mimi niliuona mlango," nikasema. "Niliuona mapema. Nikakaa kimya."

Hakugeuka. Aliendelea kusugua sahani ya kuchomea nyama.

"Najua, Mama."

"Unajua nini?"

"Hata mimi niliuona. Watu wote wanatoka na vikombe, Mama. Mimi ni wa mia nne thelathini na nane, sio kipofu."

Nikaweka kitambaa chini. "Sasa mbona ulisimama pale kama mlingoti?"

"Nilikuwa nimechoka," akasema. "Ila nikajiambia, Mama pale alipokaa anaona kila kitu. Akiniita, nakwenda kusaini, nacheza mwaka mmoja tena. Itakuwa kuna mtu anaona bado naweza." Akaisuuza sahani, akaiinua kwenye mwanga kuitazama. "Niligeuka mara mbili."

Redio ikasema Vermeiren ameingia nusu fainali. Rufus akanyoosha mkono kunipa sahani, na povu likanirukia mkononi.

"Samahani, Mama," akasema haraka, akanifuta.

Nikaikausha sahani ile, nikaikausha tena, mpaka Bryony akaita kutoka juu kuuliza kama chai iko tayari.