Sufuria Iliyokatazwa Kutoka kwa Oveni

Nilikuwa nimeshatoka Makongeni na mali yangu yote, yaani begi moja na blanketi, naenda zangu Kimbo ambako jamaa aliniahidi chumba, Gachau aliponifikia kwa mbio. Alikuwa amevaa koti la harusi na slipa.

"Mzee Ndegwa, rudi! Sistemu ya muziki inanguruma kama fahali."

"Si asubuhi uliniambia nikienda nisigeuke nyuma?"

"Hiyo ilikuwa asubuhi. Saa hii nina wageni."

Gachau ni binamu yangu, na nilikuwa nimelala kwake wiki tatu, kwa hivyo nilirudi. Kazi yangu ni kutengeneza redio, kutoka Nanyuki mpaka Voi. Shule niliingia kwa vipande, darasa la tatu hapa, la tano kule, la nne sikuwahi kuliona. Stima nilijifunza kwa kupigwa nayo.

Mambo yalikuwa hivi. Becky, binti ya Gachau, alikuwa aolewe na Nzioki, kijana wa upande wa Yatta. Mahari ilikuwa imeongewa ikaisha, imebaki siku ya harusi tu, na siku ilikuwa mdomoni mwa Mzee Kaleli, baba ya Nzioki. Sasa Kaleli ana kanda ya kwaya ya miaka ya themanini, na sauti inayoongoza ni ya marehemu mke wake, Syombua. Redio ya Kaleli ilikuwa inamtoa kama mtu anayeimbia ndani ya debe. Gachau, na ule mdomo wake, akamwambia, "Njoo kwangu utamsikia kama amekaa kwa kiti." Kaleli akajibu, "Nikimsikia hivyo, siku nitaitaja papo hapo. Nisipomsikia, tuongee mwaka ujao."

Becky hangeweza kungoja mwaka ujao. Sababu ilikuwa imeanza kuonekana kwa gauni.

Nyumba ni ndogo. Oveni ya stima ilikuwa mlangoni mwa jikoni, na sistemu imepakana nayo, nyaya zote zimelaliana kama watoto kwa kitanda kimoja. Ndani ya oveni Beth, mama Becky, alikuwa na sufuria nzito ya chuma: nyama ya ng'ombe, karoti, viazi na vitunguu, imefunikwa, ya kuiva polepole. Becky alisomea upishi na alikuwa amesema wageni wapikiwe kaseroli.

"Zima oveni," Gachau akasema.

"Nizime, halafu mkwe wako ale kanda?" Beth akamuuliza.

Nilitenganisha nyaya. Mngurumo ukabaki. Nilizima oveni. Ukabaki. Nikageuza plagi, nikatukana kidogo, ukabaki. Kisha Beth akafungua oveni akoroge, mwiko wa chuma mkono mmoja, na kwa ule mwingine akaisukuma amplifaya ya sistemu isipigwe na mvuke. Mngurumo ukafa. Akaachilia, ukafufuka.

"Mama Becky, shika tena."

Akashika. Kimya.

Nikaelewa. Fundi aliyeweka oveni alikuwa ameipigia chuma ardhini, cha kumeza mngurumo kama huo, na sistemu haikuwa na chake; mwiko na sufuria ndivyo viliipeleka mpaka kwa oveni. Nikachukua waya mtupu wa shaba, nikafunga upande mmoja kwa mgongo wa amplifaya, upande wa pili kwa mkono wa sufuria. Sistemu ikanyamaza kama kanisa. Nikawaonya: sufuria isitoke kwa oveni.

Kaleli alifika saa saba na Nzioki, amebeba kanda kwa leso. Alikaa, akaomba, kanda ikawekwa. Syombua akaanza kuimba. Haki, hata mimi niliangalia kile kiti. Mzee alifunga macho. Wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu.

Wa nne ulipoanza akafungua macho. "Mkwe," akamwambia Gachau, "ndiye. Ndiye kabisa."

"Basi taja siku, mzee."

"Nitataja vipi? Kwetu mtu hataji siku ya harusi na njaa. Kwenu inatajwa?"

"Hata kwetu haitajwi," Gachau akasema, akiwa mnyonge.

"Basi leteni chakula. Na msimzime mama Nzioki. Sijamkatiza tangu tuoane, sitaanza leo."

Gachau akaniangalia. Mimi nikaangalia sufuria. Beth akajaribu kuivuta kidogo tu, waya ukalegea, na Syombua akamezwa na yule fahali. Kaleli akaruka. Beth akairudisha mbio.

Ilibidi nimweleze mzee ukweli. Akafikiria, akavua kofia.

"Kama chakula hakiwezi kuja kwangu," akasema, "mimi nina miguu."

Akapiga magoti mbele ya oveni, sahani mkononi. Gachau akapiga magoti kando yake, na koti lake la harusi. Nzioki naye. Beth akawa anachota humo humo ndani, nyama moja, kiazi kimoja, akiuma meno kwa joto.

"Inaonekana mnaabudu jiko," Becky akasema.

"Nyamaza, mama mkwe wako anaimba," Kaleli akamwambia. Kisha, na kiazi mdomoni: "Jumamosi ya pili ya Agosti."

Beth akauliza mara mbili kama ni kiazi kinachoongea au ni yeye. Ni yeye.

Nilikuwa nimeshafika Ruiru nilipokumbuka kwamba waya ningeufunga kwa wavu wa oveni, na sufuria ingeenda popote.

Becky na Nzioki walioana Agosti hiyo. Wanakaa Kiuu, wana msichana, anaitwa Syombua. Kaleli alipewa sistemu, na mtu akamchimbia chuma cha ardhi. Gachau sasa anasikiliza muziki kwa simu. Beth aliungua vidole viwili, vikapona. Sufuria bado anayo. Chumba cha Kimbo kilikuwa na mtu tayari. Nililala hapo stejini siku mbili, kisha nikaenda Murang'a.