Sikio la Chomba na Munkoyo wa Musonda

Chomba, fundi wa tanuru la shaba, alikuwa na sikio la kulia lililotoboka kiwambo tangu utotoni, na la kushoto lilishauawa na kelele za kiwanda. Siku treni ilipoacha reli nyuma ya choo chake, alimwuliza mkewe Nkandu nani ameangusha sufuria. Asiyeamini amwulize Nkandu mwenyewe.

Hilo lingevumilika. Lakini Chomba ni wa ukoo wa Uyoga, jirani yake Musonda wa ukoo wa Mvua, na koo hizo ni watani: ukitukanwa, jibu papo hapo, ukinyamaza umeshindwa, na unawamiminia watu wote munkoyo, togwa la mizizi. Musonda, shetani yule, alimtukania mgongoni kwa mnong'ono. Jumapili zote Chomba alimimina, mpaka kambi nzima ya wafanyakazi ikamwita Kopo.

Ndipo dokta wa masikio akamkata kipande cha ngozi nyuma ya sikio, akaziba lile tundu, akashindilia pamba. Mshipa wa ladha upitao sikioni uliguswa, na ulimi wa Chomba ukaonja shaba siku zote za pamba, kana kwamba amelamba tanuru. Pamba ilipotolewa, dokta alisimama nyuma yake, akanong'ona, kwanza ugali, kisha mji wa mpakani:

"Bukari."

"Bukari!" Machozi yakamtoka.

"Kasumbalesa."

"Kasumbalesa! Na malori yanapiga honi kule, dokta, niko nayasikia!"

Dokta akacheka, akamwita mwananchi kwa Kifaransa cha mjini. "Sikio imepona, sitwayeni. Rudia kwako."

"Kwanza unifunge bandeji tena. Ikuwe kubwa."

Jumapili akakaa uani, kichwa kimeviringishwa kama kabichi. Nkandu, mwenye kujua siri, aliuma ncha ya kikwembe asicheke. Musonda akaja ananyata, akasimama nyuma ya kiti.

"Muangalie hii buyoga," akanong'ona. "Imeoza, hata dokta ameshindwa kuikaranga."

Watu wakaanza kutafuta vikombe vyao. Chomba hakugeuka.

"Weye Mvua," akasema taratibu, "makelele mingi ku mabati, lakini hata ndoo moja haijai. Tena funga kinywa: meno yako inacheza, bantu ba Ruashi, kule ngambo ya mji, banashindwa kulala!"

Kambi ikalipuka kwa kicheko. Musonda akafungua kinywa, kinywa kikakataa kazi. Nkandu akamrushia kopo.

Chomba akavua bandeji, akainamisha sikio jipya juu ya kikombe.

"Mimina polepole, mutani," akasema. "Nataka niisikie yote."