Upande wa Kushoto

Dada mtu alitoa sharti moja kabla ya kutia saini mkataba wa filamu: upande wa kushoto wa uso wake usionekane. Shavu hilo liliungua maji ya moto akiwa na miaka kumi na mmoja, na katika miaka yote ya uigizaji alilificha kwa mtandio na ujanja wa kusimama. Mwongozaji akakubali kwa mdomo mtamu. Filamu yenyewe ni ya giza, alisema; taa moja tu, nusu ya uso nuru, nusu kivuli. Tena fundi wa taa alikuwa mdogo wake wa kiume, wa tumbo moja. Amwogope nani?

Walipiga picha mchana, katika chumba kilichozibwa madirisha kwa vitambaa vyeusi. Mdogo mtu aliweka taa kuliani kwa dada yake, akaubana mwanga hadi ukaishia kwenye ncha ya pua. Siku nne kazi ikaenda bila neno.

Siku ya tano ilikuwa ya tukio ambalo dada, akiigiza mama, anamlilia mwanawe. Mwongozaji akamvuta fundi kando, akamwambia kivuli kile kinaficha mali. Atakapolia, taa izungushwe polepole hadi kushoto. Na kama mkono wake ni mzito, mafundi wamejaa tele. Fundi alijua nani aliipindua sufuria ya maji yale ya moto utotoni. Dada naye alijua, na hakuwahi kumwambia hata mama yao. Fundi akatazama viatu vyake, kisha akauliza aizungushe kwa kasi gani.

Dada alilia kweli kweli. Alipohisi joto la taa likimpanda shavuni, akajua. Hakuacha. Machozi yakapotelea kwenye makunyanzi ya kovu.

Walipomaliza akamfuata mdogo wake penye taa.

"Ile ya kwanza ulikuwa mtoto," akamwambia. "Nilikusamehe kabla kidonda hakijakauka. Hii ya leo, nani alikushika mkono?"

"Dada, ni kazi tu."

"Haya. Kazi njema."

Filamu ilisifiwa, na shavu lile likabandikwa mabangoni, kubwa kama mlango. Dada akaanza kuitwa kuigiza wachawi na mizimu. Alikataa yote, akaacha fani, akakaa nyumbani kushona mapazia ya watu. Fundi akapata kazi kubwa kubwa.

Mama yao alipofariki, fundi alikwenda msibani na familia yake nzima. Dada alikuwa mlangoni akipokea watu, uso wazi, bila mtandio. Alimpa mkono kwa adabu zote.

"Karibu ndani, bwana fundi," akasema, akamgeukia aliyefuata.